Mradi ni Muradi wa Nani?

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na huenda wako watakaouliza habari za misaada ya maendeleo zimeingiaje humu, mahali tulipozoea kuzungumza mashairi, ada za harusi na semi za wazee. Jawabu langu ni fupi. Utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyoshauriana na namna wanavyopokea wageni, na wageni wa zama hizi aghalabu huja na misaada. Isitoshe, mlango wa mazungumzo haya umo ndani ya lugha yetu wenyewe.

Tulitazame neno “mradi”. Asili yake ni Kiarabu, murad, maana yake jambo linalotakwa, kusudio la moyo. Wazee wetu hulitamka “muradi” hadi leo: muradi wangu ni huu, muradi wake umetimia. Basi kila panaposemwa kwamba pana mradi wa maji Kiunga, au mradi wa kuhifadhi kasa, au mradi wa kuwainua vijana wa Lamu Mashariki, mwenye kuijua lugha ana haki ya kuuliza: ni muradi wa nani? Aliyetaka ni nani? Je, ni yule atakayeyanywa maji, au ni yule aliyeketi ofisini Nairobi, London au Washington, akaandika kwamba maji ya namna hii, kwa mtambo wa namna hii, ndiyo yatakayotakwa?

Liko na neno jingine, nalo ni “walengwa”. Hili limezagaa katika semina na katika ripoti, na hutumiwa kwa heshima kabisa kuwataja watu ambao msaada umekusudiwa wao. Lakini kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Anayelengwa hana shauri katika jambo lile. Kazi yake ni kusimama alipo mpaka mshale umfikie. Sidhani kwamba waliolibuni neno hilo walikuwa na nia mbaya, ila limesema kweli kuliko walivyodhamiria.

Katika makala haya nataka kutetea jambo moja tu. Msaada hauwafai watu wa mahali kama Kiunga mpaka washauriwe kabla karatasi haijaandikwa, na wakabidhiwe daftari baada ya fedha kufika. Kuwaita mkutanoni baina ya mambo hayo mawili, wakatia saini ya mahudhurio na kupewa soda na nauli, hakutoshi. Kuhudhuria ni jambo moja, na kushauriwa ni jambo jingine.

UNYONGE WENYE TAREHE

Kwa msomaji ambaye hajafika, Kiunga ni mji mdogo ulio bara, ufuoni, kaskazini mwa visiwa vya Lamu na karibu na mpaka wa Somalia. Wenyeji wake wengi ni Wabajuni, watu wa Tikuu. Ndugu zao wako ng’ambo ya mpaka, Kismayu na visiwa vyake, kwa kuwa Waingereza walipoikabidhi Jubaland kwa Italia mwaka 1925 mstari ulipita katikati ya jamaa moja. Nyuma, mwituni, wako Waaweer, ambao wengine huwaita Waboni. Mbele ni safu ya visiwa vidogo na miamba yenye samaki, kamba-koche na kasa. Watu si wengi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Lamu yote, na katika Lamu Mashariki, ambamo Kiunga imo, 22,258 tu.

Katika karatasi za wafadhili watu hawa huitwa jamii zilizo hatarini, au jamii zilizotengwa. Ni kweli, lakini maneno hayo yakiachwa peke yake humfanya msomaji afikiri kwamba unyonge ni hali ya maumbile, kama chumvi ilivyo katika maji ya bahari. Sivyo. Unyonge wa pwani hii una tarehe.

Vita vya shifta vya baina ya mwaka 1963 na 1967 viliwahamisha watu wa vijiji vya mwambao huu wa bara. Wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi tena kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1976 misitu ya Boni na Dodori ikatangazwa kuwa hifadhi za taifa. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima, na Waaweer, ambao maisha yao yalikuwa ni mwitu, upinde na asali, wakaamka siku moja wakiwa wahalifu kwa kazi ya babu zao. Mwaka 1979 bahari ya Kiunga nayo ikatangazwa hifadhi. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilipoanguka, wakimbizi wa Kibajuni walimiminika kwa vyombo vya baharini wakitafuta salama kwa jamaa zao. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, majeshi ya Kenya yakaingia Somalia, na kwa miaka kadhaa iliyofuata wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku. Mvuvi wa jarife akizuiwa usiku, amezuiwa kula.

Sisemi kwamba hifadhi ni mbaya, wala kwamba usalama ni upuzi. Kasa wanastahili kulindwa, na roho za watu zaidi. Ninalosema ni kwamba mengi katika mambo hayo yaliamuliwa mbali, na wenyeji wakaarifiwa. Basi mgeni anapokuja leo na msaada ulioamuliwa mbali, na wenyeji wakaarifiwa, asishangae akiona nyuso zimekunjamana. Hata kama alilolileta ni jema, njia aliyolileta nayo wameshaiona mara nyingi.

MKUTANO SI MASHAURIANO

Watu wa Lamu wamelipigania jambo hili hata mahakamani, na kwa hiyo si mawazo ya mshairi peke yake. Bandari mpya ya Lamu na mpango mzima wa LAPSSET vilizinduliwa rasmi tarehe 2 Machi 2012. Wavuvi waliona bahari ikichimbwa na miamba ikifunikwa tope, nao hawakuwa na sauti. Wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, pamoja na haki ya kushirikishwa, haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao. Ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi 1.76 bilioni. Zingatia hapo: mahakama ilihesabu uvuvi kuwa ni utamaduni, na utamaduni kuwa ni haki.

Mwaka uliofuata ikaja hukumu nyingine. Palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, na kibali cha mazingira kilikwisha kutolewa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira lilikifuta. Sababu mojawapo ndiyo kiini cha makala haya. Mikutano ilifanyika, watu walikusanyika, na orodha za waliofika zilikuwapo. Lakini mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mpango tu, kabla uchunguzi wa madhara haujafanywa. Uchunguzi ulipokwisha, na ikajulikana moshi utakwenda wapi na maji ya moto yatamwagwa wapi, watu hawakurudiwa wakaambiwa na kuulizwa ipasavyo. Kwa maneno mengine, waliitwa wakati hapakuwa na la kuwaambia, na palipokuwa na la kuwaambia hawakuitwa.

Hizo zilikuwa kazi za serikali na makampuni, si misaada. Lakini sheria ya mashauriano haibadiliki kwa sababu mgeni amekuja na zawadi badala ya biashara. Mradi wa hisani unaweza kuwaacha watu nje vilevile kama mradi wa faida, na pengine zaidi, kwa kuwa mtu huona haya kumkosoa anayempa. “Mfadhili” ni mwenye fadhila, na nani atamtolea kasoro mwenye fadhila mbele ya watu? Hunyamaza, husema ahsante, kisha msaada ukiharibika husema: si wetu.

Nimeona mfano katika kijiji kimoja cha mwambao huo, ambacho sitakitaja, wala waliouleta sitawataja. Uliletwa mtambo mzuri wa kuyatoa maji chumvi, ukajengewa kibanda, ukawekwa ubao wenye majina. Ulifanya kazi, watu wakafurahi. Kisha kifaa kimoja kikafa. Kipuri chake hakikupatikana Lamu wala Mombasa, na fundi aliyejua kukifunga alikuwa amekwenda zake na mradi wake. Nilipopita pale kibanda kilikuwa kimefungwa kufuli na ubao ulikuwa ungali unang’aa. Hatua chache kutoka hapo watu walikuwa wakiteka maji katika jabia.

Jabia, kwa asiyelijua, ni sakafu pana iliyolazwa kwa mteremko, mvua ikinyesha juu yake maji hutiririka hadi kwenye birika lililochimbwa na kufunikwa. Wazee wa Tikuu wanajua mahali pa kuichimba, namna ya kuizuia isivuje, na lini mlango wake ufunguliwe na lini ufungwe ili maji yafike kiangazi. Sisemi kwamba jabia inatosha. Mvua ikikosa, jabia hukauka, na siku hizi mvua hukosa mara kwa mara. Lakini lau wenye mtambo wangeanza kwa kuuliza, “Nyinyi mmekunywaje maji miaka yote hii?”, pengine fedha zile zingetengeneza jabia tatu zilizopasuka, zikajenga na nyingine, na mtambo ungekuja kuwa msaidizi wake. Tena kijana wa pale pale angefundishwa kushika spana kabla mgeni hajafunga virago.

UPEPO NA MWAKA WA FEDHA

Iko na kasoro nyingine ambayo mtu wa bara haioni upesi, nayo ni kalenda. Mwaka wa mvuvi una pepo mbili. Kaskazi bahari hutulia, na hapo ndipo riziki ilipo. Kusi ikivuma, bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani na mifuko hukauka. Mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na wafadhili nao wana miaka yao ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba miezi ya mwisho ya kutumia fedha huangukia katika kusi na mvua, barabara ya Hindi kwenda Kiunga ikiwa tope tupu, pamoja na hofu yake nyingine tunayoijua. Hapo ndipo maofisa hukimbilia kufanya mafunzo ya haraka ili fungu lisirudi. Na mikutano ya kaskazi huitishwa saa nne za asubuhi, saa ambayo mvuvi yuko baharini. Wanaohudhuria ni wasiovua, kisha huandikwa kwamba wavuvi walishauriwa.

Mtu anayeijua kazi ya bahari angeuliza pia habari za tajiri. Mvuvi wengi wao si huru. Wavu ni wa tajiri, mashine ni ya tajiri, na samaki hapana budi auziwe yeye kwa bei aipendayo. Msaada ukileta boti tatu za faiba bila barafu, bila mafuta na bila soko, mwaka haupiti boti hizo huwa chini ya tajiri yule yule. Mvuvi yeyote angeweza kulisema hilo kwa dakika mbili, lau angeulizwa kabla boti hazijanunuliwa.

Si kwamba kila kilichokuja Kiunga kimeharibika. Shirika la WWF liliingia huko mwaka 1996 kushirikiana na idara ya wanyamapori, na mojawapo ya mambo yaliyozaliwa katika kazi ile limejulikana duniani. Bahari ya Hindi hutupa pwani yetu ndara zilizokatika, maelfu kwa maelfu, kutoka nchi za mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa bahari Julie Church aliwaona watoto wa pwani hiyo wakizikata ndara hizo na kutengenezea vidude vya kuchezea. Wanawake wakahimizwa kuziokota, kuzisafisha na kuchonga vitu vya kuuza. Fuo zikapata kusafishwa na akina mama wakapata chochote.

Angalia siri yake: haikuanzia katika karatasi. Ilianzia katika mkono wa mtoto, na mgeni akawa na macho ya kuona na adabu ya kuuliza. Kazi hiyo ilikuja kuwa biashara inayoitwa Ocean Sole, nayo karakana yake iko Nairobi. Sina neno baya juu yake. Huwapa kazi watu wengi. Lakini nasi tuulize bila ugomvi: wazo lilipokua likahama, Kiunga na Kiwayu zilibakiwa na nini? Kushirikishwa mwanzoni ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kuwa na sehemu katika tunda.

KISIMA CHA BADR

Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka kisa cha Badr, mwaka wa pili wa Hijra. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopiga kambi, sahaba aitwaye Hubab bin Mundhir alimwendea akamwuliza kama mahali pale pamechaguliwa kwa wahyi au kwa rai. Alipojibiwa kwamba ni rai, akashauri wasogee hadi kwenye kisima kilicho karibu na adui, kwa kuwa yeye aliijua nchi ile na visima vyake. Shauri likakubaliwa na jeshi likahama.

Tena miaka mitatu baadaye, Madina ilipozingirwa, aliyetoa shauri la kuchimba handaki alikuwa mgeni, Salman Mfursi. Shauri la mgeni nalo likakubaliwa. Lakini Salman alikuwa amekwisha kuketi na watu wale, na Mtume mwenyewe alichimba pamoja nao.

Visa viwili hivi vikisomwa pamoja vinatosha. Anayejua visima asikilizwe, hata kama mkuu ameshapiga kambi. Na mgeni mwenye elimu naye asikilizwe, akiwa amekaa nasi na mkono wake ukashika jembe. Ikiwa kambi ile ilihamishwa kwa shauri la mtu anayeijua nchi, karatasi ya mradi ni kitu gani hata isiweze kubadilishwa?

Hata hivyo, tusiwatazame wageni peke yao. Sisi wenyewe tuna deni. Mgeni akifika Kiunga akaomba kuonana na wenyeji, hupelekwa barazani, na barazani hukaa wanaume watu wazima. Sisi ndio tunaojibu, na hujibu kwa niaba ya wote. Lakini anayejua dumu la maji lina uzito gani ni mwanamke anayelibeba. Anayejua zahanati haina dawa ni mwenye mtoto mgonjwa usiku. Wanawake hao hao wamekuwa wakicheza upatu miaka na miaka, kila mmoja akitoa na kila mmoja akipokea kwa zamu, bila mkaguzi wa hesabu na bila gari lenye nembo, na daftari lao hutimia. Watu wanaoendesha upatu miaka kumi hawahitaji kufundishwa siku tatu hotelini namna ya kutunza fedha. Wanahitaji kukabidhiwa fedha.

Na Waaweer je? Mara ngapi mikutano ya Kiunga imefanywa na Basuba, Mangai au Mararani haikupata hata habari? Tunapolalamika kwamba Nairobi haituulizi, nasi tuwe tumemwuliza jirani yetu wa mwituni. Lamu ina historia ya kujifundisha hapa. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alikaa na kusomesha watu ambao wakubwa wa mji wa zama zile hawakuwaona kuwa wanastahili elimu, watumwa wa jana na wachukuzi, na kwa juhudi hiyo ukasimama Msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20. Leo Riyadha ni fahari ya mji mzima. Waliokuwa wamewekwa pembeni ndio waliojaza safu.

Tena wako miongoni mwetu waliofanya mahudhurio kuwa kazi. Kila shirika likija huunda kamati yake, na kila kamati ina nyuso zile zile tano. Hutia saini, hupokea posho, na hurudi nyumbani bila kumweleza mtu neno lililosemwa. Saini hiyo huiuza haki ya kijiji kizima kwa nauli ya siku moja.

WAGENI WANAPUNGUA

Haya yote yana haraka leo kuliko jana. Wakubwa wa misaada wameahidi mengi. Mwaka 2005 walikutana Paris wakaafikiana kwamba nchi inayosaidiwa ndiyo iongoze mipango yake. Wakarudia Accra mwaka 2008 na Busan mwaka 2011. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, mashirika na nchi kubwa zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ziende kwa mashirika ya wenyeji, kwa njia fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ulifika, lengo halikufika.

Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likaacha kazi yake. Katika Kenya nzima, kliniki, programu za chakula na miradi ya hifadhi ziliguswa. Watu wakaona jinsi amri ya mtu mmoja wa mbali inavyoweza kufunga mlango wa zahanati ya kijijini. Nchi nyingine za Ulaya nazo zinapunguza.

Basi msaada wenyewe haudumu. Kitakachobaki ni kile ambacho watu walikuwa wamekishika kwa mikono yao siku mgeni alipoondoka. Jabia itabaki. Upatu utabaki. Mtambo ambao ufunguo wake uko Nairobi hautabaki. Ndiyo maana suala la kushauriwa si la heshima tu. Ni suala la kupata maji mwaka ujao au kuyakosa.

Nini kifanywe? Nayaona matano.

Kwanza, anayetaka kusaidia aje mikono mitupu mara ya kwanza. Akae kaskazi moja na kusi moja, aulize, asikilize, ndipo aandike. Wanawake waulizwe katika kikao chao, na Waaweer waulizwe vijijini mwao.

Pili, karatasi iandikwe kwa Kiswahili na isomwe hadharani, kwa kuwa wako wenye akili pevu wasiojua kusoma. Uchunguzi ukikamilika, matokeo yarudishwe kwa waliochunguzwa kabla hayajapelekwa kwengine.

Tatu, visiundwe vikundi vipya kila mradi unapokuja. Kanuni za mwaka 2007 zimevipa vikundi vya kusimamia fuo, vile tunavyoviita BMU, madaraka juu ya bandari zao za uvuvi. Viimarishwe hivyo, vichaguliwe kwa haki, na wenye makosa waondolewe na wavuvi wenyewe.

Nne, fedha ziandikwe ukutani. Zimekuja kiasi gani, zimelipa nini, zimebaki ngapi. Hili liihusu na serikali yetu. Katiba ya mwaka 2010 iliweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa muda wa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma, na Lamu ilitajwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo imekwisha kupita. Mtu wa Kiunga ana haki ya kuuliza fungu lake limefika wapi kabla hajamwendea mgeni yeyote.

Tano, nasi tuirudie mila yetu ya wakfu. Wazee wetu walitoa mnazi, kisima au nyumba, mapato yake yakalisha msikiti na chuo vizazi na vizazi, bila kungoja mwaka wa fedha wa mtu. Hakuna kinachozuia leo mashine ya barafu, boti au duka kuwekwa wakfu kwa ajili ya maji ya kijiji. Wabajuni walioko Mombasa, Ghuba na Ulaya wanatuma fedha za harusi na maziko. Sehemu ndogo ya hizo ikitiwa katika wakfu wenye daftari wazi, Kiunga itakuwa na kitu ambacho hakuna amri ya mbali itakayokifunga.

Mgeni hatumfukuzi. Pwani hii haikujengwa kwa kufukuza wageni. Lakini mgeni ana adabu zake, na kwa kuwa ukurasa huu ni wa mashairi, nimwachie beti moja aje nayo mkobani badala ya majibu:

Hodi ya wetu mgeni, twaitikia karibu,
Keti nasi mkekani, ndipo uanze hesabu,
Tuulize kisimani, maji yapi yana tabu,
Usilete mkobani, lililoandikwa jibu.

Na wewe ndugu uliyeko Kiunga, siku utakapoletewa tena karatasi ya mahudhurio, usikatae kalamu. Ila kabla hujatia saini omba usomewe mradi huo kwa sauti, watu wote wakisikia, na uulize muradi wa nani. Kama aliyekuja hana jawabu, mwambie arudi kaskazi.